Uzi: Jinsi ya kusimamia mabwawa ya samaki ili ndege wa porini wapate riziki bila mfugaji kupata hasara

Mleta uzi, Lubumbashi

Salamu kwenu ndugu wafugaji wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na kwingineko. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo nililoliona Jumapili iliyopita kwa jirani yangu wa bondeni. Juu ya tuta la bwawa lake alikuwa ametupwa fundichuma aliyekufa, mguu mmoja ungali umeviringwa na nyuzi nyembamba za nailoni zilizokata ngozi mpaka mfupa. Jirani aliniambia kwamba ndege huyo ni wa wachawi, tena ni mwizi wa samaki. Kuhusu uchawi sikubishana naye. Nilimwomba kisu tu, tukampasua tumbo palepale. Mlikuwa na chura wawili wa majini, wale wa mgongo unaoteleza na kucha nyeusi kwenye miguu ya nyuma, pamoja na paja la chura wa tatu. Samaki hakuwemo hata mmoja.

Anayefuga tilapia anawajua chura hao. Huishi ndani ya maji maisha yao yote, na hula vifaranga vya samaki usiku na mchana. Fundichuma ndiye anayewatafuta kuliko kitu kingine chochote. Huingia kwenye maji mafupi, akayakoroga matope kwa mguu, kisha akadaka kinachochomoka. Jirani yangu alikuwa amemuua mlinzi wake wa vifaranga, na aliposhika paja lile la chura mkononi alinyamaza kwa muda mrefu. Ndipo nikaona afadhali niandike ninayoyajua, kwa kuwa wengi wetu tunawahukumu ndege kwa kuwaona wamesimama kando ya maji, bila kuchunguza wanachobeba mdomoni.

Nina mabwawa sita kusini mwa mji, kwenye kijito kinachoelekea mto Kafubu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijaribu kuyapanga ili yalishe watu wa nyumbani na pia yawape nafasi ndege wa bondeni, ambao maeneo yao ya asili yanapungua kila mwaka kwa kulimwa, kujengwa na kuchomwa moto. Nilichojifunza ni kwamba kimo cha maji ndicho kinachoamua karibu kila jambo. Bwawa lenye kingo zilizokatwa wima, ambamo maji yanafika kiunoni tangu hatua ya kwanza, kulasitara na yangeyange hawawezi kulivulia kwa sababu hawaogelei. Huhitaji mahali pa kusimama. Bwawa ambalo ukingo wake unashuka polepole, maji yakiwa ya kufunika kifundo cha mguu kwa hatua nne au tano, litawapokea ndege wa kila namna. Kwa hiyo mfugaji anaweza kuchagua ndege wale wapi na wasile wapi, na chaguo hilo hulifanya kwa jembe siku anapochimba.

Kwangu mimi mabwawa mawili madogo ya vifaranga yana kingo kali na yamefunikwa. Matatu ya kukuzia samaki yana kina cha kutosha kuanzia ukingoni, isipokuwa kona moja tu katika kila bwawa. La sita, ambalo ndilo la mwisho na hupokea maji yote yanayotoka kwa mengine, nimeliacha liwe fupi, lenye matete upande mmoja, yungiyungi katikati na kisiwa kidogo cha udongo nilichokiacha wakati wa kuchimba. Humo sitegemei mavuno. Maji yenye mbolea hutulia humo kabla ya kurudi kijitoni, nayo matope na mimea huyapunguzia uchafu. Humo pia kukuziwa hutaga, na yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi amelea makinda misimu miwili mfululizo.

Kuna jambo la majira pia, nalo huku Katanga lina ugumu wake. Baridi ya Juni na Julai huwadumaza tilapia, hawali vizuri wala hawakui, hivyo wafugaji wengi huvua na kukausha mabwawa wakati huo. Lakini ndege wadogo wa matopeni wanaotoka Ulaya na kaskazini mwa Asia huanza kuwasili mwezi Agosti na Septemba, wakati mabwawa mengi yaliyokaushwa yamekwisha kupasuka nyufa kama tofali. Nimejaribu kukausha yote kwa pamoja na nimejaribu kukausha kwa zamu. Zamu ni bora zaidi. Bwawa moja la kukuzia nalivua mwishoni mwa Agosti, nikishusha maji kwa kutoa ubao mmoja wa mlango wa kutolea maji kila baada ya siku tatu au nne, na sehemu ya chini kabisa karibu na mlango naiacha na dimbwi la maji ya vidole vichache. Matope yanayofunuliwa polepole hivyo huwa yamejaa minyoo na mabuu ya wadudu. Chamchanga, yule anayetikisa mkia bila kukoma hata akiwa amesimama, hufika katika siku chache na kukaa mpaka mvua za Novemba zinilazimishe kujaza.

Nawakaribisha mtoe maoni, hasa wenye uzoefu unaopingana na wangu.

Mchangiaji wa pili, Lubumbashi

Yaya, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini mambo unayoyasema ni mepesi kwa mwenye mabwawa sita. Mimi nina mawili tu. Mwaka jana niliweka vifaranga 1,500 katika bwawa moja, na nilipovua nikahesabu 870. Minandi walikuwa wakija alfajiri, wanne au watano, wanazama na kuibuka na samaki mdomoni mbele ya macho yangu. Hao hawahitaji maji mafupi. Ada ya watoto inatoka katika bwawa lile. Niambie, mtu kama mimi afanye nini zaidi ya kutega wavu?

Mleta uzi, Lubumbashi

Ndugu yangu, hasara yako ni ya kweli na sitaidogosha. Mnandi ni mvuvi hodari, na katika bwawa la vifaranga anaweza kukutia umaskini. Sikusema tuwaachie kila kitu.

Lakini tazama anavyoruka. Mnandi ni mzito na manyoya yake hulowa maji, hivyo akitaka kuondoka majini hukimbia juu ya maji kwa umbali fulani, akipiga mbawa, ndipo ainuke. Bwawa likikatwakatwa kwa kamba zilizokazwa kutoka tuta hadi tuta, kiasi cha kimo cha goti juu ya maji, hukosa uwanja wa kukimbilia, na hilo analitambua upesi. Mimi hutumia kamba nene ya katani au ya plastiki yenye rangi inayoonekana, nikiacha nafasi ya hatua tatu hivi kati ya kamba na kamba, na kila baada ya siku chache nahamisha baadhi yake ili wasizoee. Kwenye mabwawa ya vifaranga naweka wavu kamili, lakini wavu wenye uzi mnene na matundu madogo, uliokazwa kama ngozi ya ngoma, wala hauguswi na maji. Wavu wa nailoni nyembamba uliolegea, ule wa kuvulia uliochakaa tunaoununua sokoni kwa bei ndogo, hauzuii ndege; unamnasa. Atakufa humo, ataoza juu ya maji yako, na kesho atakuja mwingine.

Kingine kinachosaidia ni kutoweka vifaranga wadogo sana katika bwawa kubwa. Wakae katika bwawa dogo lililofunikwa mpaka wawe wa urefu wa kidole cha kati. Mdiria mweusi na mweupe, yule anayeelea hewani kabla ya kujitupa, huchukua samaki wadogo, na samaki aliyekwisha nenepa hamuwezi. Ukimkaribia utaona kwamba dume ana mikanda miwili myeusi kifuani na jike ana mmoja uliokatika katikati; kwangu jozi moja imechimba shimo kwenye ukingo wa udongo upande wa kijito, na ukingo huo sijaugusa.

Tena kuhusu mdiria kuna jambo ambalo wazee waliojifunza kazi Kipopo walikuwa wakilisema. Kipopo, hapa karibu na mji wetu, ni kati ya vituo vya mwanzo Afrika ambako ufugaji wa tilapia ulifanyiwa utafiti, zama za Wabelgiji, katika miaka ya 1940 na 1950, na tatizo lililowasumbua tangu wakati huo ndilo linalotusumbua leo: tilapia huzaa kupita kiasi. Ukiweka wawili kwa kila mita ya mraba, baada ya miezi michache bwawa limejaa watoto wanaogombania chakula, na siku ya kuvua unapata ndoo za samaki wa ukubwa wa kidole ambao hakuna mama atakayewanunua soko la Kenya, lile la hapa mjini kwetu. Ndiyo maana watu huweka kambare wachache wawapunguze. Mdiria anayechukua vitoto katika bwawa la kukuzia anafanya kazi ileile ya kambare. Anayechukua vifaranga wiki ya kwanza ndiye anayekutia hasara. Ndege ni yuleyule, bwawa ndilo tofauti.

Mwisho, samahani kwa kukuuliza hili: wale 630 waliopungua, una hakika wote waliliwa na minandi? Vifaranga waliosafirishwa kwenye mifuko juani hufa siku mbili tatu baadaye na kuzama bila kuonekana. Mimi mwenyewe niliwahi kumlaumu kulasitara msimu mzima, kumbe wavu wa mlango wa kutolea maji ulikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili.

Mchangiaji wa tatu, Bukavu

Shukrani kwa uzi huu. Huku kwetu Kivu mabwawa mengi yamechimbwa kwenye vibonde kati ya milima, mahali palipokuwa na mafunjo. Maji ni ya baridi, samaki wanachelewa kukua, na kwa sababu hiyo kila samaki anayepotea anauma zaidi. Nina maswali mawili. La kwanza, washirika wenzangu katika chama chetu wanataka tufyeke mafunjo na matete yote yaliyobaki kuzunguka mabwawa kwa kuogopa nyoka. La pili, tumeanza kuona vijidudu vya manjano, vinene kama punje ya mchele, ndani ya nyama ya samaki karibu na matamvua, na tumeambiwa kwamba vinaletwa na kulasitara. Kama ni kweli, huoni kwamba kuwakaribisha ndege ni kukaribisha ugonjwa?

Mleta uzi, Lubumbashi

Papa, swali lako la pili ndilo zito zaidi katika uzi huu, nalijibu kwanza.

Uliyoambiwa ni kweli, lakini ni theluthi ya ukweli. Mnyoo huyo huishi maisha yake kwa awamu tatu. Akiwa mkubwa hukaa kinywani na kooni mwa kulasitara na jamaa zake, na mayai yake huangukia majini. Vitoto vinavyoanguliwa lazima viingie ndani ya konokono wa majini. Bila konokono vinakufa. Kutoka kwa konokono huogelea na kupenya ndani ya samaki, na hapo hujikunja na kuwa ile punje ya manjano, ikisubiri samaki aliwe na ndege mwingine. Mnyororo huu una pete tatu, na sisi tunataka kuukata kwenye pete ya ndege, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa ukimuua kulasitara mmoja mwingine atashuka kesho kutoka ziwani. Pete iliyo mikononi mwetu ni konokono.

Konokono wanapenda maji yaliyotulia yenye majani mengi ukingoni. Katika bwawa la kukuzia, ng'oa magugu yanayoota ndani ya maji, kausha bwawa kila baada ya mavuno mpaka ardhi ikauke sawasawa, kisha mwaga chokaa juu ya sehemu zinazobaki na unyevu. Ukaushaji hauwamalizi wote, kwa sababu baadhi hujizika matopeni na kuvumilia wiki kadhaa, lakini huwapunguza kwa kiasi kikubwa, na pamoja nao hupungua wale wanaobeba kichocho, ambacho ni hatari kwetu sisi tunaoingia majini bila viatu. Ombi langu ni moja tu: chokaa isubiri. Ukiimwaga siku ya kwanza, kila kiumbe ndani ya matope kinakufa kabla ndege hawajakila. Wape wiki mbili au tatu kwanza. Na samaki mwenye punje hizo, mpike mpaka aive vizuri. Msimle akiwa mbichi nusu.

Kuhusu mafunjo, nawasihi msifyeke yote. Mafunjo ya vibonde vya Kivu yana ndege wasiopatikana mahali pengine, wengine wadogo na wa rangi ya udongo ambao utawasikia tu bila kuwaona, na korongo mwenye taji, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, hujenga kiota chake ndani ya mabwawa ya mafunjo na majani marefu. Gaweni ukanda wenu mafungu matatu, mkate fungu moja kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kabla ndege hawajaanza kujenga. Njia mnayopitia kwenda kulisha samaki isafishwe upana wa hatua mbili kila upande. Nyoka hapendi mahali peupe. Mafunjo hayohayo yanazuia udongo wa mlimani usishuke ndani ya bwawa wakati wa mvua kubwa, na kwa mteremko wa Bukavu, Papa, hilo peke yake lingetosha kuwashawishi washirika wako.

Wazungu wenyewe walijifunza hili kwa gharama. Huko Třeboň, katika Jamhuri ya Cheki, kuna mabwawa ya samaki ya karne nyingi. Lile kubwa, Rožmberk, lilichimbwa kati ya 1584 na 1590. Ndege wa majini waliyazoea mabwawa hayo kana kwamba ni maziwa ya asili. Katika karne ya 20 wafugaji wakazidisha mbolea na idadi ya samaki ili kuongeza mavuno, samaki wakafukua matope, maji yakawa mazito, mimea ya majini ikafa kwa kukosa mwanga, na bata mwitu wakapungua. Huko Dombes, karibu na Lyon nchini Ufaransa, wana desturi ya zamani ya kujaza bwawa miaka kadhaa, kisha kulikausha mwaka mmoja na kupanda nafaka ndani yake. Hatuwezi kuiga kila kitu, kwani samaki wao na majira yao ni tofauti, lakini desturi hiyo ya kupumzisha ardhi inafanana sana na walivyokuwa wakilima babu zetu.

Mchangiaji wa nne, Goma

Mimi ni mama mfugaji wa Goma. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, maji hayatulii, kwa hiyo bwawa langu limetandikwa shitingi nyeusi pande zote. Mara mbili nimekuta kinda la bata mwitu limekufa ndani, na mara moja bundi. Je, ni sumu? Tena nafuga bata wa nyumbani juu ya bwawa hilohilo, na nimesikia kwamba ndege wa porini huleta homa.

Mleta uzi, Lubumbashi

Mama, pole. Kwa maelezo yako naona si sumu; walizama. Shitingi iliyolowa inateleza, ndege mwenye manyoya yaliyojaa maji anazunguka ukingo mzima akitafuta pa kupandia mpaka nguvu zinamwisha. Suka jamvi la matete, ulishushe kutoka ukingoni mpaka ndani ya maji, uliwekee mawe mawili juu lisielee. Weka moja kila upande. Hata mtoto akianguka atapata pa kushika.

Kuhusu homa, hofu yako ni ya haki. Mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yaliwapata bata na kuku wa wafugaji kandokando ya Ziwa Albert, mkoani Ituri, na bata mwitu hubeba virusi vya namna hiyo bila wao wenyewe kuugua sana. Wanaokutana majini na bata wako ndio hatari. Ningekushauri bata wa nyumbani uwatenge na bwawa kwa uzio, uwape maji yao kwenye beseni, na mbolea yao uipeleke mwenyewe kwa ndoo. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa kwa pamoja, usiwashike kwa mikono mitupu wala usiwape mbwa; waarifu maofisa wa mifugo.

Mchangiaji wa pili, Lubumbashi

Yaya, kuhusu lile tundu la wavu, nimekwenda kutazama leo asubuhi. Sitaki kusema mengi. Kesho nanunua waya mpya. Lakini minandi bado wapo, na mtu mmoja ameniuzia wazo la kuweka dawa ya wadudu ndani ya samaki wadogo na kuwaacha tutani.

Mleta uzi, Lubumbashi

Hapana, ndugu yangu, hapana kabisa. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu walitega korongo kwa dawa ya shambani iitwayo karbofurani, kisha nyama ya ndege hao ikauzwa kama kitoweo. Dawa hiyo inaua mtu. Na korongo waliokuwa wakiuawa ni wale ambao mdomo wao una mwanya katikati, ulioumbwa kwa ajili ya kula konokono. Samaki wenye dawa ukiwaacha tutani, atakayewaokota kwanza anaweza kuwa mtoto wa jirani.

Mimi nina mita 80 za kamba ya katani iliyobaki. Bwawa lako ni la mita ishirini kwa kumi na tano, itatosha kamba tano na bado tutabakiwa na ya kufungia vigingi. Nitafika Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati minandi wenyewe wanapofika, ili kwanza tukae tuwatazame wanaingilia upande gani. Kata vigingi kumi vya mti mgumu, vya kimo cha kifua, uvichonge ncha.